Karatasi ya Ng'ombe wa Ng'ambo

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu wala situbu, ndivyo nilivyo. Nikinunua sukari natazama mkono wa muuzaji, sitazami mizani. Bodaboda akinitajia nauli kabla sijamuuliza, najua ameshanipima kwa viatu. Mume wangu husema hata salamu huwa naigeuza kwanza kuona kama ina tundu.

Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam nikakuta kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kushuku, nikajiunga nao. Tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu msawazo wa uchumi pale ambapo masoko ya fedha hayajakamilika. Watu wakiniuliza maana yake huwa nawaeleza hivi. Kuna dunia moja nzuri mno, ipo vitabuni, ambako kila kesho inayowezekana ina karatasi yake inayouzwa leo. Unaogopa mvua isiponyesha, kuna karatasi itakayokulipa mvua isiponyesha. Unaogopa ng'ombe wako atakufa Machi, kuna karatasi ya ng'ombe kufa Machi, na nyingine ya ng'ombe kufa Aprili. Kila mtu anauza hofu yake kwa asiyeiogopa, bei zinapanda na kushuka mpaka zinatulia, na zikishatulia huwezi kumwongezea mtu mmoja bila kumpunguzia mwingine. Huo ndio msawazo. Nilipousikia mara ya kwanza machale yalinicheza, kwa sababu kijijini kwetu Genkuru sikuwahi kuona hata karatasi moja ya namna hiyo.

Kumbe wapo wataalamu walioshuku kabla yangu. Wao wakauliza: je, karatasi zikiwa chache kuliko kesho zenyewe? Hapo mambo yanaharibika kwa njia nyingi, na njia moja ilinifurahisha kuliko zote. Ilithibitishwa kwa hesabu kwamba pale ambapo karatasi nyingi hazipo, ukiongeza moja tu, kwa nia njema kabisa, unaweza kuwaumiza watu wote. Nasema wote, anayeinunua na anayeiuza. Ile karatasi mpya inavuruga mipango ambayo watu walikuwa wanajikingia nayo. Niliandika sura nzima juu ya jambo hilo. Msimamizi wangu akaniomba mfano kutoka nyumbani. Nikamjibu kwamba hili ni la kinadharia tu, halina mfano. Alinipa alama nzuri, nami nikashuku kwamba hakuimaliza kusoma.

Sasa nirudi kwenye ng'ombe. Nilipoolewa, mahari yangu ilikuwa ng'ombe kumi na mmoja. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka, na mimi nina mdogo wangu mmoja tu wa kiume, kwa hiyo tangu siku walipoingia bomani kila mtu alijua ni wake. Baba hakukaa nao. Malisho ya Genkuru yamebana, na boma moja likipatwa na jambo linapatwa lote. Aliwavusha Mto Mara, akawapeleka wilaya ya Serengeti kwa rafiki yake wa siku nyingi, mzee wa Kinata, kabila la huko, aliyekutana naye ujanani mnadani. Yule mzee naye alikuwa na wanne wake katika boma letu, kwa sababu upande wake kuna simba, na ukame huko hauji mwaka mmoja na ukame wetu. Anayewatunza anapata maziwa na mbolea, mwenye ng'ombe anapata ndama. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe, masikio yakiwa bado yapo ili alama ionekane. Basi. Hakuna kilichoandikwa, hakuna shahidi, na mambo yalikwenda hivyo tangu sijazaliwa.

Mdogo wangu alipata mchumba kijiji cha Kerende. Msichana mwenyewe nilimpenda siku ya kwanza, jambo ambalo si kawaida yangu. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana ng'ombe kumi, wapelekwe baada ya mavuno. Mdogo wangu wakati huo alikuwa anafanya kazi kwenye machimbo madogo upande wa Matongo, analipwa kwa viroba vya mawe ambavyo huwezi kujua vina dhahabu au vina mawe tu mpaka visagwe. Asingeweza kununua hata mbuzi kwa uhakika. Ndoa yake yote ilikuwa imesimama kwa miguu ya wale ng'ombe wa ng'ambo.

Kiangazi hicho zikaja ngozi tatu.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Mwanza, ninakofundisha. Ngozi ya tatu ililetwa na dereva wa lori la mahindi, imekunjwa kwenye kiroba. Nilifika nikaikuta baba ameitandika uani analitazama sikio kwa huzuni, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Nikachuchumaa. Ngozi ilikuwa imechunwa kwa ufundi, haina hata mkato mmoja wa kisu mahali pasipotakiwa. Halafu ilikuwa na chumvi. Nilisugua kidole, nikaonja.

"Tata," nikamwambia baba, "hii imetoka machinjioni."

"Imetoka kwa rafiki yangu."

"Ng'ombe aliyejifia porini hachunwi hivi. Huyu amechinjwa, nyama imeuzwa, sisi tumeletewa ngozi."

Baba alikunja ngozi taratibu. "Shule ilikufundisha kunusa ngozi?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba mtu anayetunza mali isiyo yake, mbali na macho ya mwenyewe, hana sababu ya kuitunza vizuri, na kwamba jambo hili limeandikwa vitabu na vitabu. Aliuliza kama walioandika vitabu hivyo wanamfahamu rafiki yake. Nilikasirika. Niliona kuwa wema wa baba ni uvivu uliovaa kanzu, na kwamba mdogo wangu ndiye atakayeulipia. Kumi na mmoja ukitoa watatu wanabaki wanane. Walikuwapo ndama watatu wa kuongezea. Ngozi mbili zaidi tu, na Kerende tungekwenda mikono mitupu.

Niliporudi Mwanza niliandika mkataba. Niliuandika vizuri, na hata leo nikiusoma nauona ni mzuri. Idadi ya ng'ombe, rangi zao, alama zao. Ng'ombe akifa, cheti cha bwana mifugo ndani ya siku saba. Kisipopatikana, mtunzaji alipe ng'ombe kwa ng'ombe. Sahihi mbili, mashahidi wawili, muhuri wa ofisi ya kijiji. Niliona naongeza karatasi moja iliyokosekana. Sura yangu ya tasnifu ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu wakati naandika, wala sikuikumbuka.

Mwisho wa mwezi nilimchukua mdogo wangu tukavuka daraja kwenda Serengeti. Baba tulimwambia tunakwenda kusalimia. Mzee wa Kinata alitupokea vizuri mno, nami mapokezi mazuri mno huwa yananitia wasiwasi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akashika kichwa changu kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikasema moyoni, mtu mwenye hatia hutetemeka. Akatupeleka malishoni tukawaona ng'ombe. Wanane na ndama watatu. Wawili sikuwa na uhakika nao, nikazunguka kila mmoja nikashika masikio, mzee amesimama kando anatazama. Mdogo wangu alikuwa anachora chini kwa fimbo.

Tulipokaa nikatoa karatasi. Aliniomba nimsomee, kwa kuwa macho yake hayafiki. Nikasoma yote, mpaka ng'ombe kwa ng'ombe.

"Baba yako ameiona hii?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. "Ameiona, mzee," nikasema.

Alimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akaendelea kuchora chini. Mzee akaomba wino, nami nilikuwa nao, nilikuwa nimenunua kidude chake mjini Mugumu njiani kwa kujua kwamba atadai hajui kuandika. Akabonyeza dole gumba. Akaniuliza kama nimeridhika, nikasema nimeridhika, akatupa na maziwa ya kwenda nayo.

Siku nane baadaye mama alinipigia simu alfajiri. Sauti yake ilikuwa chini. Yule mzee amefika Genkuru, amewaswaga ng'ombe kwa miguu, kalala njiani siku mbili kwa watu. Wanane wote na ndama watatu. Nilipanda basi la asubuhi nikamkuta bado yupo, amesimama uani. Alikuwa amekataa kiti. Kwetu mgeni akikataa kiti, mama hapeleki chakula, kwa sababu hajui ampe mtu wa namna gani.

Mzee akamkabidhi baba nakala ya karatasi. "Nimebonyeza kama mlivyotaka," akasema. "Lakini mimi kuchunga kwa mkataba sijawahi. Mchungaji wa kuajiriwa mtampata, vijana ni wengi. Naomba wanne wangu."

Baba aliigeuza ile karatasi. Hajui kusoma, ila dole gumba la rafiki yake alilitambua. Akanitazama mimi. "Ulimwambia nimeiona?"

"Ndiyo, tata."

Nilitegemea amgeukie mzee aseme huyu mtoto amedanganya, mimi siijui hii karatasi, kaa tunywe uji. Ningefurahi. Hakusema. Baadaye mama alinieleza: angesema hivyo angekuwa amemwaibisha binti yake mbele ya mgeni, na mgeni angelazimika kuchagua kati ya kuamini na kutoamini. Baba alikwenda mwenyewe zizini akawatoa wale wanne, mmoja mmoja, akawasindikiza na rafiki yake mpaka barabarani. Sijui kama walizungumza. Mimi nilibaki naitazama ile ngozi ya tatu ambayo baba alikuwa ameitundika ukutani, nikijiambia kwamba mtu asiye na hatia asingekasirika kiasi hicho.

Mambo ya ngozi niliyajua baadaye kwa mdogo wangu, aliyekuwa anaulizauliza. Mzee alikuwa amemlipa mchinjaji wa kijijini amchunie, kwa sababu ya mikono yake. Chumvi aliipaka kwa kuwa mizigo hukaa siku mbili tatu ikisubiri lori, na hakutaka rafiki yake apokee ngozi iliyooza.

Wiki ya tatu dume letu la Genkuru likaanza kukohoa kwa nguvu. Kikohozi kidogo lilikuwa nacho tangu awali, tukadhani ni vumbi. Sasa likawa linasimama limetanua miguu ya mbele, linanyoosha shingo, halili. Wakafuata wengine. Bwana mifugo alikuja akasema ni homa ya mapafu, na ni ya kuambukizana, na boma zima lisitoke. Nilishuku papo hapo kwamba wale wa Serengeti ndio walioileta. Nilimwambia hivyo. Akamuuliza baba ni nani aliyekohoa kwanza, na lini. Baba akajibu kweli: dume letu, kabla wageni hawajafika. Bwana mifugo akahesabu siku kwa vidole, akauliza kama kuna ng'ombe waliotoka hapa tangu wakati huo.

Wanne, baba akasema.

Walikufa kwetu karibu wote. Wale wa zamani na wale wa mahari yangu, waliokuwa wamekaa salama ng'ambo ya mto miaka yote, wakaletwa kwa miguu yao kwenye boma lililokuwa linaugua. Tulibaki na majike wawili na ndama mmoja. Wilaya ikatangaza karantini, minada ikafungwa, ng'ombe asivuke hata kijito. Mdogo wangu alivuka yeye kwenda kumwona mzee. Alikuta na kule wameshakufa wengi, walianza wale wanne. Mzee alimpa uji, akamuuliza habari za baba, za mama, za machimbo. Habari zangu hakuuliza.

Hapo ndipo ile sura ya tasnifu ilinirudia. Nilikuwa nasahihisha mitihani Mwanza, nikaiacha kalamu. Anayeinunua na anayeiuza. Nilikuwa nimemwambia msimamizi wangu kwamba mfano haupo, na sasa nilikuwa nimeutengeneza kwa mikono yangu. Nililia kwa hasira, maana nilijua hesabu yake yote, kila mstari, na haikunisaidia kitu.

Lakini ndoa ya mdogo wangu ilikuwa haijafa. Wazee wetu wana njia ya mambo kama haya. Karantini ni ya kila mtu, hakuna anayeweza kupeleka ng'ombe hata akiwa nao mia. Upande wa mke hukubali msichana atangulie, ng'ombe watakuja ardhi ikipona. Mtoto akizaliwa kabla ng'ombe hawajafika, kwa mila yetu ni wa kwa kina mama yake, kila mtu anajua, lakini hakuna anayelitaja. Linaachwa hivyo hivyo, ng'ombe wanakuja mmoja leo mmoja mwakani, na mtoto anakua kwa babu yake wa kuumeni bila mtu kuuliza. Nilikwenda na baba Kerende kuomba hilo.

Mzee wa Kerende, baba wa msichana, alitusikiliza. "Mimi sina neno," akasema. "Binti aende. Ila nimesikia kwenu siku hizi mnaandikiana. Mzee mzima wa Serengeti amebonyeza dole kwenu. Basi na sisi tuandikiane."

Nilitaka baba asimame tuondoke. Alimfikiria mwanawe, nadhani, na yule msichana aliyekuwa anatusikiliza kutoka jikoni. Akanigeukia.

"Andika wewe," akasema. "Unajua."

Nikaandika hapo hapo, kwenye meza ya mkwe, kwa mkono wangu, kwenye daftari la shule. Ng'ombe kumi. Muda wa kuwaleta. Mzee wa Kerende akataka na lile la mtoto liandikwe, lile ambalo huwa halisemwi. Niliandika kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa kabla ng'ombe wote kumi hawajapokelewa ni wa ukoo wa Kerende. Nilijaribu kuacha tundu. Nilitafuta neno linaloweza kupindishwa siku za mbele, lakini mtendaji wa kijiji, aliyeitwa kushuhudia, alikuwa amekaa ubavuni pangu anasoma kila mstari, na mzee mwenyewe alikuwa mjanja. Baba akabonyeza dole gumba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kubonyeza karatasi kwa ajili ya ng'ombe.

Msichana akaja Genkuru. Ni mke mzuri, mama anampenda, mdogo wangu ameacha machimbo analima. Wale majike wawili wamezaa. Ng'ombe kumi bado ni mbali sana.

Mtoto akazaliwa, wa kike, ana paji la uso la baba yangu kabisa. Kerende hawajaja kudai. Nilimpigia simu yule mzee wa Kerende, akaniambia hana haraka, na kwamba kinachosubiriwa kwa karatasi hakiozi. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Niliitoa nakala yangu nikaisoma mara nyingi, mbele na nyuma, kama nilivyowahi kusoma mikataba ya watu wengine nikitafuta makosa, na kosa sikuliona.

Wiki iliyopita nilikuwa Genkuru. Baba aliniita uani, akauliza kama ile karatasi inasema ni nani wa kumpa mtoto jina.

Nilipitia vifungu vyote kichwani. "Haisemi, tata. Hakuna aliyekumbuka jina." Nilidhani amepata upenyo nilioukosa mimi. "Mpe wewe. Mpe jina la bibi."

Baba alitikisa kichwa. "Na wakija kumchukua? Aondoke na jina la mama yangu?"

"Pengine hawatakuja."

"Hao watu siwaamini," akasema.

Nilimtazama. Sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya mtu yeyote. Alisema polepole, kama anayejaribu kiatu kigeni, halafu akageuka akaenda kuwafungia ng'ombe zizini. Mtoto ana miezi miwili sasa. Anacheka ukimgusa shavu, na nyumba nzima tunamwita mtoto tu.